Nani Amngoje Nani

Mara ya thelathini na nane, namba ilikataa.

Perez Awuor aliitazama kwenye skrini, akaitazama kwenye daftari, akairudia kwa kidole tarakimu moja moja. Mara thelathini na saba kompyuta ilikuwa imempa namba ile ile, inayoishia 4471. Sasa imemletea inayoishia 9026. Hakuna onyo lililotokea, hakuna mlio, hakuna hata mstari mmoja wa kulalamika. Mashine ilikuwa imetulia pale mezani, feni inavuma, kana kwamba haikufanya kitu.

"Ai," Perez alisema. "Wewe nawe! Umekula nini?"

Aliandika 9026 kwa kalamu nyekundu. Halafu, badala ya kuogopa kama mtu mwenye akili zake, alijisikia raha. Ndivyo alivyokuwa. Kitu kikienda sawa, anapiga miayo. Kikikataa, usingizi wote unamruka, na ukimwita kwa chai hasikii.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la vyuma mjini Kisumu, vyumba viwili vyenye madirisha ya kuelekea ziwani, ingawa ziwa lenyewe huwezi kuliona kwa sababu ya mapaa ya mabati. Mwenyewe ni Surjit Singh, mzaliwa wa papo hapo, mtu wa kilemba cha buluu aliyejua Dholuo cha sokoni kuliko vijana wengi wa siku hizi. Kampuni yake ilitengeneza programu za kompyuta. Ile iliyowashughulisha mwaka huo wa tisini na nane ilikuwa ya kiwanda cha samaki: kuchunga chumba cha barafu ambamo minofu ya mbuta inagandishwa. Baridi ikipungua kupita kiwango, programu ipige kengele, watu wakimbie kabla samaki hawajaoza.

Sasa, programu haiandikwi ikawa imekwisha, kama barua. Khaemba, mhandisi wa ofisi, alikuwa ameiandika katika mafaili karibu mia mbili. Kila faili lazima ligeuzwe kuwa lugha ya mashine, kisha yote yaunganishwe. Kazi hiyo waliiita kujenga. Kompyuta ya zamani ilijenga kwa dakika hamsini. Mwezi wa Januari Surjit akaleta mpya yenye prosesa mbili, yaani vibarua wawili ndani ya sanduku moja, wanagawana mafaili: huyu akishika hili, yule anashika lile. Dakika ishirini na saba tu, kazi imekwisha. Siku ya kwanza hata watu wa duka la vyuma walipanda ngazi kuja kuona.

Lakini Surjit hakuwa mtu wa kushangilia haraka. "Mbio ni nzuri," alisema. "Lakini inatoa kitu ile ile? Kila mara?"

Hakuna aliyejua. Ndipo akaajiriwa Perez, mwanamke kijana aliyekuwa mpiga chapa kwa wakili mmoja, kwa majaribio ya miezi mitatu. Kazi yake: jenga programu, iambie kompyuta iisome yote na kuifupisha kuwa namba moja, andika namba. Programu mbili zikifanana herufi kwa herufi, namba ni moja. Kisha futa kila kitu, nakili mafaili upya kutoka kwenye kanda, jenga tena. Kutwa nzima. Wenzake waliiita kazi ya punda, na Khaemba ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi.

Perez hakujali. Alichojali ni Jumatatu ya mwisho wa Machi. Siku hiyo saa sita mchana dereva wa kiwanda atakuja kuchukua disketi, na siku hiyo hiyo miezi yake mitatu inaisha. Surjit alimwambia wazi tangu mwanzo: "Ukisema mashine ni sawa, nitakuamini. Ukisema si sawa, lazima unionyeshe. Mtu wa kubahatisha, mimi sina kazi yake." Perez alikuwa ameonja kazi hii, na kurudi kupiga chapa barua za wakili kungemuua polepole.

Basi alimpelekea Khaemba ile 9026.

"Umenakili vibaya," Khaemba alisema bila kuinua macho.

"Sijanakili vibaya."

"Perez. Mara thelathini na saba sawa, mara moja si sawa. Kati ya mashine na binadamu, nani anachoka?"

Perez alirudi mezani. Mara ya sitini na moja, 9026. Mara ya tisini na nne, 9026 tena. Hiyo ya mwisho hakuifuta. Aliiweka kwenye disketi, akaipeleka kwa Khaemba kwa mikono miwili kama anayempelekea mgeni maji ya kunawa. Khaemba aliifungua, akaichunguza, na kwa mara ya kwanza akakunja uso.

"Hii kengele inalia baridi ikifika kumi chini ya sifuri," alisema. "Tulibadilisha. Sasa ni kumi na nane. Hili ni jedwali la vipimo la mwaka jana."

"Kwa hivyo samaki wanaweza kuanza kuyeyuka, na kengele iko kimya?"

"Ndiyo. Kwa sababu wewe umetumia kanda ya zamani." Khaemba aliinuka, akaenda kumwambia Surjit vivyo hivyo: makosa ni ya mkono, si ya mashine.

Surjit alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Perez. Hakuwa na hasira, na hiyo ilimuumiza Perez zaidi.

"Nifanyie mbaya moja sasa," alisema. "Nione kwa macho yangu."

Perez alijenga. Walingoja dakika ishirini na saba. 4471. Alijenga tena. 4471. Surjit akatazama saa yake, akamgusa bega, akasema, "Jumatatu inakuja, mama," akaenda zake. Perez alibaki pale na aibu ikimchoma masikio. Hata yeye alianza kujiuliza: kwani ni kweli alichukua kanda isiyo yake? Mara tatu nzima?

Ijumaa hiyo jioni alikwenda nyumbani kwao Awasi. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshuka, mbegu zilikuwa tayari ndani ya debe, na mama yake, Rosa, alikuwa kitandani na malaria. Perez alilala chumba kimoja naye, akamsikiliza akitetemeka na kunung'unika kuhusu mahindi.

Asubuhi aliamshwa na kelele.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, blanketi mabegani, kidole kimenyooshwa. Ng'ambo ya ua, Nasambu, mke wa kaka yake Gordon, alikuwa amesimama shambani mwake na jembe, miguu imejaa tope, mistari mitatu ya mahindi imeshapandwa nyuma yake. Gordon mwenyewe alikuwa katikati, mikono kichwani, hajui aende upande gani.

"Umenipandia mbele!" mama alilia. "Mke wa mwanangu ametia mbegu mchangani kabla yangu! Unataka tufe?"

Kwao, mama wa boma hupanda kwanza. Kisha wake za wana, kwa mpangilio wao. Anayeruka mpangilio huo analeta chira nyumbani, na chira si mchezo: watoto hudhoofika, ng'ombe huanguka, na hakuna daktari wa kulitibu.

"Mama, pole," Nasambu alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeshangaa kwa kweli. "Lakini nimekosa nini? Mwaka jana si nilipanda hivi hivi? Na mwaka juzi? Ukanisifu hata. Ukasema mke wa Gordon si mvivu."

"Kwa sababu nilikuwa nimekutangulia!"

"Mimi nitajuaje? Kwetu Bungoma nilikuwa naona mvua, napanda. Hapa pia naona mvua, napanda. Nani aliniambia nikungoje?"

"Haiambiwi!" mama alisema. "Inajulikana!"

Perez alikuwa ametoka na kikombe cha chai ya mama mkononi. Alisimama ghafla, chai ikamwagikia vidole, na hakuisikia.

"Mama," alisema. "Mwaka jana uliamka saa ngapi siku ya kupanda?"

"Nini?"

"Siku ya kupanda. Uliamka saa ngapi?"

"Kama kawaida yangu! Saa kumi na moja. Nyathina, mwanangu, hayo ni maswali gani, nyumba inaungua?"

"Na wewe, shemeji?"

"Mimi huamka saa kumi na mbili," Nasambu alisema. "Nina mtoto wa kunyonyesha."

"Na leo mama ana homa," Perez alisema. "Leo mama amechelewa." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye kizingiti, na Gordon akadhani dada yake naye ameshikwa na malaria.

Haikuwa jambo la kucheka, na mama alimwambia hivyo kwa maneno ambayo hatutayaandika. Ilibidi mbegu zifukuliwe. Perez alikwenda mwenyewe kumsaidia Nasambu, wakapiga magoti kwenye tope, wakazitoa punje kwa punje na kuzirudisha kwenye bakuli. Kisha mama akashikwa mkono mpaka shambani kwake, blanketi na homa yake, akatia mbegu kwenye mashimo matano, akaketi chini akitweta. Baada ya hapo Nasambu akaanza upya. Alikuwa analia kidogo.

"Miaka mitatu," Nasambu alimwambia Perez kwa sauti ya chini. "Miaka mitatu nimekuwa nikikosea na sijui."

"Hapana, ulikuwa sawa," Perez alisema. "Kwa bahati tu." Akalisikia alilolisema, akalirudia kimoyomoyo.

Jumatatu alifika ofisini saa moja kasoro, akamwomba mlinzi ufunguo. Alifungua faili ambalo hakuna aliyewahi kumwomba alisome: faili la maagizo, lile Khaemba aliloliandika kuiambia kompyuta namna ya kujenga. Lilikuwa na mistari mia mbili na kumi na minne. Kila mstari ulitaja kitu kimoja na vitu kinavyotengenezwa navyo. Prosesa ilitakiwa kusubiri vile tu vilivyotajwa. Perez alipitisha kidole mpaka akaupata mstari unaotengeneza jedwali la vipimo. Chini yake kidogo, mstari wa kengele. Kengele inasoma jedwali. Alisoma mstari wa kengele mara mbili, mara tatu. Jedwali halikutajwa.

Kwa kompyuta ya zamani haikuwa neno. Kibarua mmoja huanza juu akashuka chini, kwa hiyo jedwali jipya huwa tayari kabla ya kengele. Lakini hawa ni wawili. Yule wa pili hakuambiwa angoje. Siku nyingi anakuta jedwali jipya limeshaiva, anaendelea, na kila mtu anamsifu. Siku mwenzake akijivuta kidogo, anakuta lile la mwaka jana, lililosahauliwa kwenye kanda. Anachukua hilo hilo. Angekosa kabisa, angepiga kelele. Alipata, kwa nini apige kelele?

Perez alinakili mafaili kando ili asiharibu kitu. Kwenye mstari wa jedwali akaongeza agizo moja dogo: lala dakika moja kwanza. Akabonyeza, akafumbata mikono mapajani, akangoja.

9026.

Alijifunika mdomo kwa viganja viwili. Kisha akaanzisha tena, kuhakikisha.

Surjit alipoingia na Khaemba saa tatu, Perez alikuwa amesimama kando ya mashine kama mwuza samaki kando ya beseni lake.

"Bwana Surjit," alisema. "Chagua. Unataka nzuri au unataka mbaya?"

Surjit alimtazama Khaemba, akamtazama Perez. "Mbaya."

Walingoja. Surjit aliagiza chai na akaiacha ikapoa. Khaemba alijifanya kusoma gazeti. Saa tatu na nusu namba ikatokea: 9026.

"Tena," Surjit alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tena mbaya."

Saa nne kamili: 9026.

Khaemba alikuwa ameshasogea, macho kwenye skrini. "Subiri. Umegusa faili langu. Umeweka usingizi hapa! Bwana Surjit, ameharibu maagizo, ndiyo maana—"

"Sijaharibu," Perez alisema. Maneno yalimjia vizuri. "Nimemchelewesha mama tu. Kama yule mwingine ameambiwa amngoje, kuchelewa kuna ubaya gani? Angengoja dakika moja, wangemaliza wamechelewa, lakini kazi ingekuwa ile ile. Umeona amengoja?"

"Mama gani?" Surjit aliuliza.

Basi akawaeleza. Habari za Awasi, mvua, homa, blanketi, Nasambu na mistari mitatu ya mahindi. Surjit alisikiliza akishika ndevu zake, na kufika kwenye kufukua punje akasema "Adier," yaani kweli, kwa Dholuo, kama wazee wanavyosema jambo likiwaingia.

Khaemba alivuta kiti, akausoma mstari wa kengele, akausoma wa jedwali, akarudi kwa kengele. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Perez alikuwa amengoja wakati huu tangu ile siku ya kanda, na sasa umefika akaona hauna utamu aliotarajia. Alimwonea huruma.

"Nilijua," Khaemba alisema mwishowe. "Naapa nilijua jedwali linatangulia. Sikuona haja ya kuandika. Lilikuwa kichwani mwangu."

"Hata mama yangu," Perez alisema.

"Huyo Nasambu ni mtu wa kwetu Bungoma," Khaemba alisema, akajaribu kucheka. "Mmemwonea."

Aliongeza neno moja mwishoni mwa mstari wa kengele: jedwali. Ule usingizi wa dakika moja Perez alimzuia asiutoe. Wakajenga. Prosesa ya pili ilipofika kwenye kengele, ikasimama. Ilisimama dakika nzima, adabu tupu. Saa tano kasorobo namba ikaja: 4471.

Khaemba alipiga makofi mara moja. Surjit hakupiga. Alikuwa ameinama, anashusha maagizo kwenye skrini, mstari baada ya mstari baada ya mstari, na hayafiki mwisho.

"Khaemba. Zote uliandika hivi? Kwa kichwa?"

Khaemba alijifuta shingo. "Nyingi."

"Na iko ngapi?"

"Mia mbili na kumi na nne," Perez alisema.

Surjit alinyanyuka. Akaenda kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa pembeni chini ya kitambaa, akakivuta kitambaa, akaiwasha kwa mkono wake. "Kiwanda watachukua ya huyu mzee leo. Anajenga polepole lakini sina wasiwasi naye. Khaemba, weka kanda." Kisha akamgeukia Perez. "Wewe. Kwa siku unaweza kuchelewesha mistari ngapi?"

"Kumi na tano," Perez alisema. "Stima isipokatika."

"Hiyo ni wiki tatu."

"Lakini, Bwana Surjit..." Alitazama sakafu. Alilazimika kulisema mwenyewe, maana hakuna aliyekuwa akilisema. "Miezi yangu imeisha. Mwisho wangu ni leo."

Surjit alikuwa ameshaanza kutafuta miwani yake mifukoni. "Mwisho gani?" alisema. "Sasa nani atapima? Mimi? Na ukimaliza hii kuna ile ya hospitali, na ile ya maji. Yote ameandika huyu huyu, kwa kichwa." Akaipata miwani juu ya kilemba, akaivaa, akaenda kupiga simu kiwandani.

Perez aliketi. Alifurahi hadi akatamani kulia, lakini hakulia kwa sababu Khaemba alikuwa hapo. Khaemba alirudi kutoka kwenye mashine ya zamani, akasimama kidogo, kisha akakisogeza kiti chake pembeni na kuisukuma kibodi mpaka mbele ya Perez.

"Haya," alisema. "Nani mwingine tumcheleweshe?"

Dereva wa kiwanda aliwahi, akaambiwa disketi bado, akapewa kiti na kikombe cha chai. Perez alishuka na kidole kwenye maagizo, akapita kengele, akapita vipimajoto, akasimama kwenye mstari wa tisa. Ulikuwa wa saa, ule unaoandika ni wakati gani mlango wa chumba cha barafu ulifunguliwa. Hakuwa na sababu yoyote ya kuutilia shaka. Akauwekea usingizi wa dakika moja, akabonyeza.

Skrini ikawa tupu, ujenzi umeanza. Perez na Khaemba wakainama pamoja, na baada ya muda dereva naye akaacha chai yake, akaja nyuma yao akachungulia.

"Sasa hapo mnangojea nini?" aliuliza.

"Hatujui bado," Perez alisema, akamsogezea kiti.